Mabachela wa Bwawa la Kariandusi

Kariandusi,
20 Januari 2025

Kwa Wangu, mpwa wangu uliye kwenye joto,

Nakusalimu nikiwa ndani ya sweta mbili. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo hutabiri mvua na hukosea kila mara. Mama yako Wamuyu nilimtembelea Nakuru juzi. Amenawiri, na alichoniambia ni kwamba mimi nimekonda. Kila mtu ananiambia nimekonda tangu Auntie yako Sue atutoke, kana kwamba mimi mwenyewe sina mshipi. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kanisani tumeletewa mchungaji mpya, anahubiri mpaka viazi vinaungua majumbani.

Simu yangu ilitumbukia bwawani siku ile samaki walipoletwa, na samaki wamekataa kuirudisha. Sinunui nyingine, nimeona raha. Mama yako naye amesema yeye si posta, nisimtume kwako. Kwa hivyo andika barua, itume kwa basi, iachwe ofisi ya vifurushi pale Gilgil. Wananijua.

Sasa ripoti. Jelagat, yule msichana wako wa vifaranga wa samaki, alifika na pikapu iliyojaa matangi. Nikampigia saluti, akaniuliza kama nina shida ya jicho. Hao samaki mia nne niliwapokea jinsi nilivyokuwa nikipokea makuruti kambini: wakakaguliwa, wakaingia majini bila kusukumana. Maji ya chemchemi yanafika bwawani yakiwa vuguvugu kama ulivyotaka. Mpaka leo sielewi kwa nini mwanasayansi wa bahari afuge samaki mahali ambapo bahari huonekana kwenye kalenda tu, lakini amri ni amri.

Ila kuna jambo limeninyima usingizi. Jelagat alipokuwa akiondoka aliniambia hivi: "Mzee, hawa wote ni male. Hakuna hata dame mmoja. Ukiona mwenye tumbo, ni chakula tu."

Wangu, nimeishi na wanaume kambini miaka ishirini na sita. Bachela akiachwa na mabachela wenzake huacha kufua, huanza karata, halafu hupigana kwa sababu ya kijiko. Na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya arusi kanisani. Watu watasema nini wakijua nina mabachela mia nne nyuma ya nyumba? Wake zao wanaletwa lini?

Najua umesahau tu. Nijibu upesi.

Mjomba wako,
Sajini (mstaafu) Kihara


Kilifi,
17 Februari 2025

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa goti. Mimi niko salama, nimechomwa na jua hadi Mama hatanitambua. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilinisubiri ofisini wiki tatu kwa sababu nilikuwa na shughuli kidogo na mwatiko, wale samaki wa maji chumvi ninaowafuga hapa kando ya mikoko. Hawajambo, nadhani. Mwezi uliopita walipata nafasi kubwa zaidi ya kuogelea. Tuwaache hao.

Mjomba, wake hawaletwi. Hakuna wake. Sikusahau. Tilapia jike akishakua kidogo tu huzaa, na akimaliza huzaa tena. Bwawa hujaa watoto, chakula kinagawanywa mpaka hakimtoshi mtu, na wote wanabaki saizi ya kidole. Madume wakiwa peke yao hawana la kufanya ila kula, kwa hivyo wanakua mpaka wanajaza sahani. Utafiti wangu wote ni huo: je, maji ya vuguvugu ya huko kwetu yanaweza kumpa mkulima wa nchi ya baridi samaki wa kujaza sahani ndani ya mwaka mmoja?

Mwanzoni mwa Novemba maprofesa watatu watakuja kwako na mizani. Samaki wakiwa wamekua, nitapata shahada yangu ya udaktari, na mradi wa kuwachimbia wakulima mabwawa huko Elmenteita nitausimamia mimi. Wasipokua, miaka minne yangu imeenda na maji. Kwa hivyo nakuomba kwa magoti yote mawili, yangu, maana yako ni mabovu: usiongeze samaki yeyote bwawani. Hata mmoja. Hata akija analia mlangoni.

Na kabla hujauliza, mimi pia sina mchumba, na ninakula vizuri tu.

Mpwa wako,
Wangu


Kariandusi,
10 Machi 2025

Wangu mpenzi,

Tumshukuru Mungu, mvua imekuja bila idhini ya goti langu. Ndama anaitwa Koplo. Mchungaji sasa amepunguza mahubiri, au sisi tumezoea.

Barua yako ilifika Jumatatu. Ingefika Ijumaa lingekuwa jambo jingine, lakini ilifika Jumatatu, na Jumamosi ilikuwa imeshapita.

Habari njema ni kwamba mimi na Kabiru tumepatana. Unamkumbuka Kabiru, jirani wa juu, yule aliyestaafu kwenye machimbo ya udongo mweupe. Tangu ule ugomvi wetu wa mfereji wa maji hatukuwa tunasemezana. Tulikuwa tunasalimiana kupitia mbwa wake. Sasa anakuja kwangu na kuketi kwenye kiti. Kulikuwa na sherehe ndogo ya jambo hilo. Mbuzi walihusika. Mama yako alikuja na kitenge kipya akaimba vizuri sana.

Bwawani hali ni shwari. Nidhamu imepanda na vijana wanaonekana wenye furaha.

Wewe umesoma, hebu nisaidie swali. Kuna mtu hapa kanisani anataka kujua: mke aliyeolewa kwa mila, kwa mbuzi, mbele ya mashahidi wenye suti, anaweza kurudishwa kwao kama mume alipata ushauri wa kitaalamu siku mbili baadaye? Usiharakishe kujibu.

Mjomba wako,
Kihara


Kilifi,
12 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Msalimie Koplo.

Jelagat alipita kwako wiki jana kupima samaki. Ameniandikia kwamba madume wameanza kusimama, hawaongezeki uzito kama walivyoanza. Pia anasema kando ya bwawa kuna vitu vidogo vyeusi vingi, kama majani ya chai, na ulipoulizwa ulisema ni viluwiluwi. Halafu ulisimama mbele yake ili asione, na akisogea unasogea.

Hapo nikampigia Mama. Mama akasema hataki kuingilia mambo ya arusi za watu. Nikasema, "Arusi ya nani?" Akasema yeye alialikwa tu kuimba, na akanitumia picha. Nimeiangalia hiyo picha mpaka macho yameniuma. Kuna wazee watano wa suti wamesimama kando ya bwawa la Kabiru. Kuna mbuzi wawili. Kuna tenti. Na mbele yenu kuna ndoo.

Mjomba, kwa nini ndoo imefunikwa leso na kuwekwa ua juu yake?

Naomba jibu lisilo na habari za ng'ombe.

Wangu


Kariandusi,
2 Juni 2025

Mpwa wangu,

Haya. Nitasema. Lakini kwanza usome ukiwa umekaa.

Nilivumilia mwezi mzima nikingoja barua yako. Kila jioni nikiwarushia chakula wanakuja, wanakula, wanaondoka, kila mmoja kivyake. Bwawa lilikuwa limenyamaza kama bweni siku ya Jumapili. Nikajiuliza, mimi Kihara, niliyepanga arusi za nusu ya vijana wa hapa, nitaacha jambo hili litokee kwangu? Mtu wa pekee mwenye samaki majike karibu ni Kabiru. Nikameza kiburi, kikanikwama, nikakisukuma na chai, nikaenda.

Nikamwambia, "Kabiru, nataka samaki wa kike kama thelathini hivi."

Akamwangalia mbwa. Halafu akasema, "Wewe Kihara, ushawahi kuona msichana akitoka kwao na ndoo? Hata salamu hujatoa. Kama unataka mabinti zangu, kuja na watu."

Nadhani alikuwa anatania. Lakini mimi nikichokozwa sioni utani. Nikamwambia ataje siku.

Nilianza kwa kupanda tawi kando ya bwawa lake, jinsi mila inavyotaka, ili kila mpita njia ajue kwamba mabinti wa boma hilo wameshaombwa. Jumamosi ikafika tukaenda, wazee watano, na mama yako na wanawake wa kanisa wakiimba langoni tufunguliwe. Msemaji wetu alikuwa Mzee Nderitu, ambaye sauti yake hufika Gilgil. Upande wa Kabiru ukasema mabinti wao wamelelewa kwenye maji ya moto, hawajui shida, kwa hivyo mbuzi mmoja ni matusi. Tukajadiliana mpaka soda zikaisha. Tukafika kwenye mbuzi wawili, mtungi wa uji, na blanketi la mama mzazi. Nikauliza, "Mama mzazi yupi? Hawa ni samaki!" Wakashauriana pembeni, wakarudi wakasema blanketi atachukua Kabiru, maana ndiye aliyewalea.

Halafu ikaja sehemu ya kumtambua bibi arusi. Unajua wasichana hufunikwa leso gubigubi, na bwana arusi huchagua wake bila kumwona. Wakaleta ndoo zilizofunikwa. Mimi kwa niaba ya waume nikaingiza mkono, nikapapasa, nikamtoa mmoja, nikamwinua juu, wanawake wakapiga vigelegele. Alikuwa dume. Nikatozwa faini ya kreti ya soda, na Kabiru akacheka mpaka akashikwa na kikohozi. Mimi pia nikacheka. Sikuwa nimecheka hivyo siku nyingi.

Mchungaji alibariki chakula. Samaki hakuwabariki, alisema ataulizia kwa wakubwa kwanza.

Vile vitu vidogo vyeusi si viluwiluwi, Wangu. Ni wajukuu.

Mjomba wako,
Kihara


Kilifi,
16 Juni 2025

Mjomba,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilicheka mpaka wenzangu wakaja mlangoni, halafu nikakumbuka shahada yangu, nikalia tena, safari hii kwa utaratibu.

Na mimi pia nina la kusema. Nilikuambia mwatiko wangu walipata nafasi kubwa zaidi ya kuogelea. Nafasi hiyo ni Bahari ya Hindi. Mwezi wa Januari maji ya bamvua yalijaa kupita kiasi, yakabomoa ukingo wa mabwawa yangu, na samaki wote wakaondoka bila kuaga. Asubuhi nilikuta kamba wawili na kandambili. Nilikuficha kwa sababu najua unanitangaza kanisani kila Jumapili, na nilitaka uendelee.

Kwa hivyo sina bwawa lingine. Utafiti wote, Mjomba, wote, ni wale mabachela wako, na sasa si mabachela tena, ni wazee wa familia wanaogombania chakula na watoto wao. Wakiendelea hivi, Novemba maprofesa watapima dagaa.

Umeniuliza kama mke anaweza kurudishwa. Nakujibu: arudishwe! Wote, na watoto wao, kabla ya mwezi wa nane. Nimekasirika, na ninakupenda, na nimekasirika.

Wangu


Kariandusi,
7 Julai 2025

Mpwa wangu,

Pole sana kwa samaki wako waliotoroka. Jeshini tungewatangaza. Kanisani sijasema kitu, nimewaambia unafanya utafiti mpana.

Nilivaa koti nikaenda kwa Kabiru kumweleza. Nilimwambia kuhusu shahada yako, maprofesa, mizani, yote. Alisikiliza vizuri, akaniambia, "Kihara, mimi nampenda huyo msichana, na asome mpaka achoke. Lakini mke ameshazaa. Huyo harudishwi kama chupa ya soda. Ukiniletea mabinti zangu nyumbani bila kosa, utakuwa umeniaibisha mbele ya wale wazee wote." Mzee Nderitu amesema hivyo hivyo, kwa sauti, na Gilgil wamesikia.

Kwa hivyo nimekwama. Lakini nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Sikumsukuma sana.

Tangu arusi, Kabiru huja hapa kila jioni kuwaona mabinti wake. Anaketi kando ya bwawa, mimi naketi, tunabishana. Tunabishana kuhusu mfereji, kuhusu Biblia, kuhusu ni nani kati yetu aliye na nywele nyingi. Nimeanza tena kupika chai ya watu wawili. Unajua jinsi nyumba hii imekuwa tangu Sue aende. Nilikuwa nakula nimesimama, Wangu, kwenye sufuria, ili nimalize haraka. Sasa hao samaki wakiondoka, Kabiru atakuja kuona nini? Kuniona mimi? Sisi hatujafika huko.

Najua shahada yako ni kubwa kuliko chai yangu. Nipe amri nitaitii, lakini nilitaka ujue.

Kihara


Kilifi,
21 Julai 2025

Mjomba wangu,

Nimekaa na barua yako siku tatu. Sikujua habari ya kula umesimama. Ningepaswa kujua, nilikuwa naandika tu habari za samaki.

Sikupi amri. Lakini nimempigia Mama nikamuuliza mambo ya mila, na kwa mara ya kwanza amekubali kuwa posta. Anasema kuna njia. Mke akikosewa kwa mumewe, huchukua watoto akaenda kukaa kwa baba yake. Hajaachwa, arusi iko pale pale, amekasirika tu. Na baba hawezi kumfungia mlango.

Sasa nipelekee Kabiru ushahidi huu, niliousomea kwa miaka minne. Tilapia jike huyatunza mayai mdomoni mwake, halafu watoto humo humo, na siku zote hizo hali chochote. Dume hamsaidii. Dume huchimba shimo lake, hujisifu, halafu huita jike mwingine. Mabinti wa Kabiru wamefungiwa mahali padogo na wanaume zaidi ya kumi kwa kila mmoja wao, wanazaa bila kupumzika, na chakula hakitoshi. Mwambie mimi, mtaalamu, nathibitisha kwamba wamekasirika sana.

Nakuja mwanzo wa mwezi wa nane kusaidia kuwahamisha. Tutakula pamoja, tumeketi.

Wangu


Kariandusi,
8 Septemba 2025

Kwa Wangu,

Natumai ulifika salama na ile harufu imetoka mikononi. Mimi yangu bado ipo, paka wamenifuata mpaka kanisani.

Wazee wote wanaizungumzia siku ile. Nderitu anashikilia kwamba alifanya vizuri kukataa kuwageuza majike tumbo juu ili uwakague, kwa sababu ni wake za watu. Nimemkumbusha kwamba alikuwa na miwani na sisi hatukuwa nayo. Lakini Kabiru alisimama kiume. Uliona alivyowapokea ndoo kwa ndoo akiwaambia "karibuni nyumbani, poleni," na wajukuu wakiwa wengi kama mchele. Aliniangalia kwa hasira kweli kweli, kana kwamba mimi ndiye niliyewanyima chakula.

Madume wamebaki peke yao. Wamenuna, wanakula, wanakua. Jelagat amepima, anasema wameanza kupanda tena. Utapata shahada yako, naliona jambo hilo kwa macho.

Kabiru hajaja tangu siku ile. Sababu ya kuja hana, mabinti wako kwake. Na mimi siendi. Sajini haendi kuketi kwa mtu bila shughuli, watu watafikiri nimekosa la kufanya. Jana nilimwona mbwa wake kwenye mfereji, nikamsalimia.

Kihara


Kilifi,
1 Desemba 2025

Mjomba mpendwa,

Kaa chini. Umekaa? Nimepita.

Wale maprofesa watatu uliowapigia saluti waliniita Mombasa Ijumaa. Kwenye tasnifu niliandika kila kitu bila kuficha, na jina lako nikaliandika: kwamba Februari mlezi wa bwawa aliongeza majike baada ya mahari kukubaliwa, na kwamba Agosti majike hao walirudi kwa baba yao kwa hasira. Profesa Akoth alifika ukurasa huo akavua miwani, akaifuta, akausoma tena. Profesa Nekoye akauliza, kwa uzito wote, yule dume uliyemchagua ndooni kwa makosa alienda wapi. Nikamwambia alibaki, na hesabu zangu zimemzingatia.

Halafu wakaangalia mchoro wa uzito. Mstari unapanda vizuri, unalala kuanzia arusi mpaka siku wake walipokasirika, halafu unapanda tena. Zaidi ya nusu ya samaki wamefika saizi ya sahani. Wengine bado. Niliwaambia wazi kwamba bila arusi wangefika wote, na wakasema ndiyo maana wameamini, kwa sababu bwawa moja limewaonyesha mambo yote mawili. Nina masahihisho ya kufanya. La kwanza wameandika: "Eleza mahari."

Mradi wa Elmenteita ni wangu, naanza Januari. Narudi nyumbani, Mjomba.

Sasa utafiti umeisha na nimeshapima. Wake wakirudi kwa waume zao hawamharibii mtu kitu. Mama anasema mila iko wazi: baba hawezi kuwarudisha mabinti mwenyewe, ni lazima upande wa waume uende kuwaomba. Upande wa waume ni wewe. Vaa koti. Hiyo ni shughuli, Sajini, hakuna atakayesema umekosa la kufanya.

Mpwa wako,
Wangu


Kariandusi,
14 Desemba 2025

Kwa Daktari Wangu,

Nimeandika hivyo ili nione linavyokaa. Limekaa vizuri. Jumapili nilisimama kutoa tangazo, na mchungaji aliponionyesha saa nikamkumbusha viazi vyetu. Mama yako amelia tangu Ijumaa na anasema ni mafua. Kitanda chako nimekitandika, ingawa najua Januari bado.

Kwa Kabiru nilienda. Nilivaa koti, nikachukua mbuzi mmoja wa kuombea msamaha. Nilimkuta kando ya bwawa lake, amewarushia chakula wake za watu na wajukuu zangu. Akanionyesha kiti. Nilitoa salamu kwanza, safari hii, kisha nikamwambia, "Nimekuja kuomba wakamwana wangu warudi."

Akawarushia konzi nyingine ya chakula. Halafu akasema, "Bado wamekasirika."

"Wamekuambia?"

"Mimi ni baba yao, najua. Kuja kesho ujaribu tena."

Nikaketi kidogo kwa heshima. Tulibishana kuhusu huyo mbuzi kama ni mnene, na giza likatukuta hapo hapo. Kesho yake nikaenda, akasema bado. Jana nikaenda, bado. Leo nimemaliza barua hii mapema ili niende.

Nimemwambia Kabiru asiwaharakishe.

Mjomba wako,
Kihara